Kilichotokea Kati ya Kipimo na Kipimo

Mtu akishuka ufukweni Mombasa kila siku saa sita kamili mchana, akatazama mti wenye alama za sentimita uliosimikwa majini, akaandika kina cha maji na kuondoka, baada ya miezi kadhaa atakuwa na daftari lisilo na namba hata moja ya uongo. Daftari hilo litamwonyesha bahari inayopanda taratibu kwa muda wa wiki moja hivi, ikashuka taratibu kwa wiki nyingine, kisha ikarudia, kwa wastani kila baada ya siku 14.77. Mvuvi yeyote wa pwani hiyo anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kutoka kujaa kumoja hadi kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo mtazamaji wa saa sita hukamata kila mara mahali pengine kidogo pa wimbi, na nukta alizookota kutoka mawimbi mbalimbali ndizo zinazojipanga zikaonekana wimbi moja la polepole ambalo halipo. Wala asijitetee kwamba ameona bamvua na maji mafu. Siku zinalingana, ndiyo, na kulingana huko kunaupa uongo nguvu zaidi. Lakini bamvua ni kukua kwa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa, si bahari kupanda wiki nzima bila kushuka.

Swali linalozaliwa hapa ni la zamani kuliko mashine yoyote: je, shahidi anaweza kusema kweli katika kila neno lake, na bado ushahidi wake ukawa wa uongo? Naamini anaweza, na naamini kwamba ufundi wa kupima mawimbi umetupa mfano ulio wazi kuliko yote wa namna jambo hilo linavyotokea. Wanazuoni wa elimu ya Hadithi waliliona mapema. Mpokezi wa riwaya hakutakiwa awe mwadilifu tu. Alitakiwa pia awe na dhabti, yaani uwezo wa kuhifadhi alichosikia na kukifikisha bila kukipotosha. Mcha Mungu asiyejua kusema uongo aliweza kukataliwa riwaya zake kwa udhaifu wa dhabti, na kukataliwa huko hakukuwa tusi kwa dini yake. Mpimaji wetu wa saa sita ni mwadilifu asiye na dhabti. Kosa lake halimo machoni wala kalamuni. Limo katika ratiba aliyojiwekea kabla hajaliona tone la kwanza la maji. Hoja yangu ni kwamba kila anayejua kwa vipande, yaani kila binadamu, hulazimika kutoa ahadi fulani juu ya yale asiyoyaona kabla hajaona chochote, na uaminifu wake hupimwa kwa namna alivyoichagua ahadi hiyo, alivyoitangaza, na alivyo tayari kuona inavunjika.

Tutazame umeme wa majumbani, ambao Kenya na Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiupima mara 49 kwa sekunde, utaona wimbi safi la mzunguko mmoja tu kwa sekunde. Ukiupima mara 60, utaona mizunguko 10. Ukiupima mara 50 kamili, kila kipimo kitaangukia mahali palepale pa wimbi na utapata mstari ulionyooka, kana kwamba unapima betri. Hata mara 100 kamili haitoshi, kwa kuwa sampuli zote, yaani vipimo hivyo vya kila baada ya muda, zinaweza kuangukia pale umeme unapopita kwenye sifuri, ukahitimisha kwamba waya hauna kitu. Mafundi hulikuta jambo hili kwenye oskiloskopu, ile mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Usoni mwake huenda pameandikwa kwamba inachukua sampuli bilioni moja kwa sekunde, na mwanafunzi huamini kwamba kasi hiyo anayo wakati wote. Lakini kumbukumbu ya mashine ina mipaka. Tuseme inabeba nukta 10,000: ukiiagiza ikuonyeshe sekunde 10 kwa pamoja, haina njia ila kugawa nukta 1,000 kwa kila sekunde. Sasa ilishe wimbi la mizunguko 1,001 kwa sekunde. Kwenye kioo patatokea mawimbi 10 yaliyopangana vizuri, kila moja likichukua sekunde nzima. Hakuna mkwaruzo, hakuna ukungu, hakuna taa nyekundu ya onyo. Kelele humjulisha mpimaji kwamba kuna kasoro mahali. Wimbi bandia halimjulishi chochote, kwa sababu limeundwa na nukta za kweli tupu, na wimbi halisi la mwendo huo wa pole lingetoa nukta zilezile.

Kanuni inayotawala mambo haya ilikomaa kidogo kidogo: mwanahisabati Edmund Whittaker aliigusa mwaka 1915, Harry Nyquist mwaka 1928 alipoandika juu ya telegrafu, Vladimir Kotelnikov wa Urusi ya Kisovieti mwaka 1933, na Claude Shannon akaitoa mwaka 1949 kwa namna ambayo wahandisi wengi wanaijua leo. Inasema kwamba ikiwa wimbi halina ndani yake masafa yoyote (yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde) yanayofikia nusu ya kasi ya sampuli, basi sampuli zinatosha kulijenga upya wimbi zima. Tusiipite haraka kauli hii. Haisemi kwamba wimbi litakisiwa vizuri. Inasema kwamba yaliyotokea katika pengo, ambayo hakuna chombo kilichoyaona, yanajulikana yote kikamilifu, na kwamba hakuna wimbi jingine lenye kutimiza sharti hilo linaloweza kupita katika nukta hizo. Ni vigumu kupata katika elimu ya binadamu dai kubwa kuliko hili juu ya ghaibu, na limethibitishwa kwa hesabu. Uzito wake wote, hata hivyo, umebebwa na sharti, na sharti hilo haliwezi kusomwa kutoka kwenye sampuli zenyewe. Ziulize sampuli kama kulikuwa na masafa makubwa kuliko nusu ya kasi yao, hazina jibu, kwa kuwa kila kilichokuwa kikubwa kimekwisha kuvaa sura ya kidogo kabla ya kuandikwa. Elimu ya pengo inatoka kwenye ahadi, na ahadi ilitolewa kabla ya elimu.

Wa kwanza kupinga atasema: ongeza kasi, tatizo litaisha. Litasogea. Anayepima bahari kila saa ataona kujaa na kupwa bila taabu, lakini mawimbi ya upepo yanayopiga kila baada ya sekunde chache yatamhadaa kama kujaa na kupwa kulivyomhadaa mwenzake. Kila kasi ina nusu yake, na juu ya nusu hiyo kuna mambo ambayo kasi hiyo haiyawezi. Tena hesabu yenyewe inaufunga mlango wa mwisho. Imethibitishwa kwamba wimbi lenye mwanzo na mwisho haliwezi kuwa na ukomo kamili wa masafa. Sehemu yake fulani, hata kama ni ndogo mno, itaendelea kuenea juu. Na ishara zote zinazopita mikononi mwetu zina mwanzo na mwisho. Kwa hiyo sharti la kanuni, tukilichukua kwa ukali wake, halitimizwi kikamilifu katika maabara yoyote. Tunachofanya ni kuamua ni uvujaji kiasi gani tutauvumilia, na uamuzi huo ni hukumu ya mtu mwenye akili aliyejiuliza anatafuta nini na kosa gani litamdhuru. Wanaodhani kwamba chombo cha gharama kubwa kinawaondolea mzigo wa kuhukumu wamekielewa vibaya chombo.

Ndiyo maana wahandisi huweka kichujio, chenye kuzuia masafa ya juu, kabla ya mahali sampuli zinapochukuliwa. Sikio la binadamu halisikii zaidi ya mizunguko 20,000 hivi kwa sekunde, na diski ya CD huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, zaidi kidogo ya mara mbili ya hapo. Ziada hiyo ipo kwa sababu hakuna kichujio kinachokata ghafla, lazima kipewe nafasi ya kuteremka. Tuseme studio ina sauti ya mizunguko 30,000 inayotoka kwenye kifaa fulani cha umeme. Hakuna mtu atakayeisikia. Ikiingia bila kuchujwa, itaandikwa kwenye diski kama sauti ya 14,100, na kijana mwenye masikio mazima ataisikia. Kilichokuwa nje ya hisi za wanadamu kimegeuzwa kikawa ushahidi wa kitu ambacho hakikutokea. Na sampuli zikishachukuliwa, hakuna programu inayoweza kuitenga 14,100 ya bandia na 14,100 ya kweli kwa kuzitazama namba peke yake. Kuchuja lazima kutangulie.

Hapa hutokea pingamizi zito zaidi, nami naliheshimu. Kichujio, atasema mpinzani, ni udanganyifu wa aina nyingine: badala ya kuipanua elimu ifikie ulimwengu, mnaukata ulimwengu utoshe kwenye elimu, kisha mnajisifu kwamba vimetoshana. Ni kweli kwamba kichujio hutupa kitu halisi. Fundi anayetafuta mruko mfupi wa umeme unaoua mitambo anaweza kuuchuja ukapotea kabisa, akaandika ripoti kwamba waya ni salama. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kunyamaza juu ya usichoweza kukibeba na kukisema kwa jina la kitu kingine. Anayesema “juu ya mizunguko 20,000 sina habari” ameacha mlango wazi kwa atakayekuja na chombo bora. Anayeiacha 30,000 ipite ikijifanya 14,100 ameufunga mlango huo, kwa kuwa atakayekuja hatajua kwamba kuna swali. Kutojua kulikotangazwa ni sehemu ya elimu. Kwa mpimaji, kuchuja ni tendo la uadilifu kabla ya kuwa la ufundi, ilimradi aseme alichuja nini.

Historia ya karibuni ya unajimu wa kisayansi ina kisa kinachoonyesha gharama ya ratiba. Mwaka 2004 ilitangazwa sayari inayoizunguka nyota 55 Cancri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 41 hivi, na ikasemwa kwamba inakamilisha mzunguko kwa siku 2.8. Vipimo vilitokana na kuyumba kwa nyota, na darubini za ardhini zina desturi isiyoepukika: nyota huonekana usiku tu, kwa hiyo vipimo vya nyota moja hupishana kwa takriban siku nzima. Mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky waliyachunguza upya madai hayo wakaonyesha kwamba siku 2.8 inaelekea kuwa wimbi bandia lililozaliwa na mpishano huo wa usiku hadi usiku, na kwamba mzunguko wa kweli ni siku 0.74, chini ya saa 18. Tofauti si ndogo, kwa maana mwaka mzima wa sayari hiyo unaisha kabla jua letu halijarudi lilipokuwa jana. Kilichonivutia zaidi ni namna ugomvi ulivyoamuliwa. Mzunguko mfupi uliongeza uwezekano wa sayari kupita mbele ya nyota yake na kupunguza nuru kidogo kwa saa zinazotabirika. Mwaka 2011 darubini za angani MOST na Spitzer, ambazo hazifungwi na mchana wala usiku wa ardhini, ziliuona upungufu huo kwa mzunguko mfupi. Ahadi mbili zilishindanishwa mbele ya shahidi wa tatu mwenye ratiba nyingine, na moja ikaanguka.

Msomaji wa falsafa atakuwa amemkumbuka Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na hoja yake maarufu juu ya moto na pamba katika Tahafut al-Falasifa. Ghazali alisema kwamba tunachoona ni pamba kuungua pale inapokutana na moto. Hatuoni kwamba moto ndio uliounguza. Karne nyingi baadaye David Hume wa Uskoti alifika karibu na hapo kwa njia yake. Hoja yao inahusu kiungo kati ya tukio na tukio. Sampuli zinaleta hoja iliyo dada yake: hata tukiliacha suala la kiungo, hatujui ni matukio mangapi yalipita katikati. Mfuasi wa Ashaari, shule ya itikadi ya Ghazali mwenyewe, anaweza kujibu kwamba huenda katikati hakuna kitu, kwa kuwa ulimwengu wenyewe huumbwa upya punje kwa punje ya wakati. Na iwe hivyo. Punje za Muumba hazijaahidiwa kulingana na sampuli zetu, na mtazamaji wa saa sita hawezi kusema kwamba kati ya adhuhuri na adhuhuri bahari haikuwepo. Ghazali mwenyewe hakutuambia tuache kuamini kwamba pamba itaungua; alieleza kwamba tunategemea ada, mazoea ambayo Mungu ameyaendesha. Anayechagua kasi ya sampuli anafanya jambo lililo karibu na hilo: anategemea ada fulani ya wimbi lake, kwamba halibadiliki haraka kupita kiasi fulani, na anajua kwamba ada si dhamana.

Hapo baadhi ya watetezi wa dini hukimbilia mahali nisipoweza kuwafuata. Husema: tazameni, sayansi nayo ina mapengo na inasimama juu ya imani, basi Mungu yumo katika mapengo hayo. Ni hoja dhaifu na inamdhulumu yule inayetaka kumtukuza, kwa kuwa kila kasi inapoongezeka pengo hupungua, na mungu aliyewekwa ndani yake hupungua pamoja nalo. Dini zetu zinafundisha jambo lililo kinyume. Aya ya Kursii kwa Waislamu na Zaburi ya 121 kwa Wakristo na Wayahudi zote humsifu Mungu kwa kutoguswa na usingizi. Nikizisoma nikiwa na kanuni ya sampuli akilini, naona sifa yenye uzito mkubwa: elimu Yake haina vipindi, kwa hiyo haihitaji ahadi juu ya yasiyoonwa. Elimu yetu hufumba na kufumbua. Pengo kati ya sampuli mbili linatuambia kwamba sisi ni viumbe, na hilo latosha. Halituambii nani amejificha ndani yake.

Mpinzani wa upande wa pili atanigeukia hapohapo: ikiwa kila mpimaji anaanza na ahadi isiyothibitishwa na vipimo vyake, basi ahadi zote ni sawa, na kila mtu aendelee na yake. Sikubali, na sababu yangu iko baharini. Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon ipime kimo cha bahari kutoka kilomita 1,336 juu. Setilaiti hiyo ilirudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 9.9 hivi, polepole mno kwa maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wimbi bandia halikuwa na budi kutokea. Wapangaji walilijua hilo kabla ya safari, nao wakaichagua njia yake kwa makusudi, ili mvuto mkuu wa mwezi ujitokeze katika vipimo kama wimbi la siku 62, na ule wa jua karibu na siku 59, na kila mmoja uweze kutambulika. Setilaiti nyingine kadhaa hupita kila mahali kwa saa ileile ya jua. Kwazo kujaa na kupwa kunakoletwa na jua kila saa 12 huganda, kukaonekana kimo kisichobadilika, sawasawa na ule mstari ulionyooka wa umeme. TOPEX iliepushwa na mtego huo. Kwa kuwa mwendo wa mwezi unajulikana kwa usahihi mkubwa, wanasayansi waliweza kulirudisha wimbi bandia kwa mwenyewe, na setilaiti iliyokuwa ya polepole mno kuyaona maji yakijaa ikasaidia kuchora ramani za kujaa na kupwa katika bahari kuu, zenye makosa ya sentimita chache tu. Ahadi yao ilijengwa juu ya elimu nyingine, ikaandikwa mapema, na ikapimwa kwa vipimo vya ufukweni. Ahadi ya mtu wa saa sita haikujengwa juu ya kitu, na mwenyewe hakujua kwamba ameitoa. Kuziita sawa ni kukataa kutazama.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaofundisha na kuandika juu ya vipimo, wawe wa maabara za umeme, vituo vya hali ya hewa, hospitali au idara za takwimu. Wanafunzi wetu hukariri kwamba kasi izidi mara mbili ya masafa ya juu, wakafaulu mtihani bila kuulizwa hata siku moja waliyajuaje hayo masafa ya juu. Waulizwe. Wafundishwe kubadili kasi na kutazama kama wimbi linabaki na masafa yaleyale, kwa maana la kweli hubaki nayo na la bandia huyabadili. Na kila mchoro wa vipimo unaochapishwa, yaandikwe pembeni yake mambo mawili: vipimo vilichukuliwa kila baada ya muda gani, na ni nini kilichujwa kabla. Mchoro usio na maelezo hayo usipewe nafasi ya kumshuhudia wala kumhukumu mtu yeyote.